Miaka Thelathini na Moja ya Selwyn Bascombe, Mkata Ngoma wa Chumba cha Pili

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2026, saa kumi alasiri, Bwana Selwyn Bascombe atazima kompyuta za Chumba cha Pili kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wa Kituo cha Muziki cha Mtaa wa Pennant, hapa Easton, Bristol. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na miezi mitano kazini. Amefanya kazi chini ya mameneja saba, amefundisha watu wasiopungua elfu mbili, na amechelewa mara moja tu, siku theluji ilipozuia mabasi. Alikuja kwa miguu, akafika saa nne, akawaomba radhi watu wote waliokuwemo jengoni, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi.

Mimi ninayeandika haya nimekaa kwenye dawati la mapokezi kwa miaka kumi na tisa. Kati ya dawati langu na Chumba cha Pili kuna ukuta mmoja, nao ni mwembamba. Sijui kupiga hata filimbi, lakini kwa masikio haya nimehudhuria masomo mengi ya Selwyn kuliko mwanafunzi wake yeyote, na ndiyo maana meneja alinipa kalamu.

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawajapata kuelewa kazi yenyewe, nitaieleza kama nilivyoelezwa na Selwyn juma langu la kwanza. Katika rekodi nyingi za zamani kuna mahali ambapo mwimbaji hunyamaza, magitaa yakanyamaza, na mpiga ngoma akaachiwa uwanja peke yake kwa sekunde nne au tano. Mtu huzichukua sekunde hizo, akazikatakata kama kitunguu, kisha akavipanga vile vipande upya, pigo kwa pigo, kwa mwendo wa mapigo mia moja na sabini kwa dakika, mpaka ngoma isikike kama mtu anayeshuka mbio ngazi za ghorofa tano bila kukanyaga vibaya hata mara moja. Vijana wa hapa waliuita muziki huo Msitu. Mimi, juma lile la kwanza, niliuita majina mengine.

Selwyn hakuzaliwa katika kazi hii. Wazazi wake walitoka Barbados, naye akazaliwa hapa mwaka 1959. Alianza kazi akiwa fundi wa mashine za kufungasha katika kiwanda cha biskuti upande wa kusini wa mji. Kulikuwa na mashine kumi na nne zikinguruma kwa pamoja, na wenziwe wanasimulia kwamba angeweza kusimama mlangoni, akafumba macho, akasema namba tisa itakwama kabla ya chakula cha mchana. Ikakwama kweli. Kiwanda kilipofungwa akawa anarekebisha redio, pasi na chochote chenye waya, na ndivyo alivyofika kwetu Oktoba 1994: ameitwa kurekebisha spika, kibarua cha siku mbili.

Chumba cha Pili kilikuwa na mashine moja ya kunasa sauti na vijana watano waliokuwa wakigombana kwa sababu yake. Walichokuwa wakikitengeneza kilisikika kama masufuria yanayoporomoka kabatini. Selwyn alisimama mlangoni na bisibisi yake mkononi, akasikiliza mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mnakata mkiwa mmechelewa," akasema. "Pigo likishaanza mmeshalikosa. Rudini nyuma kidogo, pale mkono unapoanza kushuka."

"We mzee," mmoja akamjibu, "umekuja kutengeneza spika au kutufundisha sisi kazi?"

"Nimekuja kutengeneza spika. Lakini spika hazina ugonjwa. Ugonjwa ni chakula mnachozilisha."

Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na lile neno "mzee" lilimuuma kwa muda mrefu. Hata hivyo walirudi nyuma kidogo kama alivyowaambia, na masufuria yakageuka kuwa ngoma. Mwisho wa juma aliomba kwenda na kitabu cha maelekezo ya ile mashine, akakisoma kwenye meza ya jikoni ya mama yake kuanzia jalada hadi jalada. Mama yake, hayati Bibi Eudora, mwimbaji wa kwaya ya kanisa kwa miaka arobaini, aliyavumilia majaribio ya kwanza mpaka Jumapili jioni, kisha akauliza kwa upole: "Selwyn mwanangu, hiyo ni ngoma au ni mtu ameanguka na sinia la vikombe?" Selwyn anasema hakuna mhakiki aliyepata kumfaa kuliko yule.

Kibarua cha siku mbili kikawa ajira. Alikuja na sheria zake, na hazijabadilika. Hakuna kugusa kompyuta kabla ya kupiga kwa makofi kile unachotaka kukipanga. Hakuna kusema fulani ana kipaji. Sema fulani ameketi muda mrefu. Na hakuna kula chipsi za siki juu ya vitufe. Waliovunja sheria ya tatu waliosha vikombe juma zima.

Mwaka 1999 king'ora cha moto kililia, na jengo zima likatoka nje kwenye mvua, isipokuwa Chumba cha Pili. Zimamoto walipoingia waliwakuta watu tisa wanatikisa vichwa kwa raha zao. Mkuu wa kikosi akamuuliza Selwyn kama hakukisikia king'ora. "Nilikisikia, afande," akasema, "ila nikawa nashangaa nani kakipanga vizuri namna ile." Ndiyo maana mpaka leo juu ya mlango wa chumba hicho pana taa nyekundu inayowakawaka, ya pekee katika jengo hili.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka karatasi ziishe. Lakini nikiulizwa Selwyn ni mtu wa namna gani, sitaanza na king'ora. Nitaanza na Kerensa Tripp, ambaye ameniruhusu kuyaandika haya yote, na aliyesoma kila mstari na kunisahihisha mara mbili.

Kerensa alianza kupiga ngoma akiwa na miaka tisa. Kufikia miaka ishirini na sita alikuwa amepitia bendi sita za mji huu, na mchana alioka mikate ili aweze kuzimudu bendi hizo. Januari 2011, akiwa anarudi kutoka kazini kwa baiskeli, gurudumu la mbele liliingia katika reli kuukuu za kule bandarini, zile ambazo kila mwendesha baiskeli wa hapa amepata kuzilaani. Aliangukia bega la kulia. Mfupa ulipona. Mishipa ya fahamu ilikuwa imechanika pale inapotokea shingoni, na baada ya operesheni mbili madaktari walimwambia ukweli: mkono wa kulia ungebaki unaning'inia.

Alikuja kwetu Septemba ya mwaka huo. Hakuja kusoma. Alikuja kubandua tangazo lake kwenye ubao wetu, lile alilolibandika mwaka uliotangulia: mpiga ngoma, ana gari, anatafuta bendi. Lilikuwa limefunikwa kwa plastiki na kukazwa kwa pini nne. Nilimtazama akihangaika na pini ya kwanza kwa mkono wa kushoto, nikainuka kumsaidia.

"Kaa, dada," akaniambia bila kugeuka. "Nilibandika mwenyewe, nitabandua mwenyewe."

Nikakaa. Selwyn alitoka chumbani kwake kwenda kuchemsha maji ya chai, akaona, akasimama hatua mbili nyuma yake. Hakusema pole. Alisubiri mpaka pini ya nne ikadondoka, ndipo akauliza: "Wewe ndiye Kerensa uliyepiga ngoma pale ukumbini wakati wa Krismasi, ule wimbo wa mwisho?"

"Nilikuwa ndiye."

"Mkono wako wa kulia ulikuwa unachelewa kidogo mno kwenye matoazi. Kama mtu anayejua mlango hautafungwa kabla hajafika. Una rekodi zako?"

"Za nini? Hizo ni za marehemu."

"Mimi kazi yangu yote ni ya marehemu," Selwyn akasema. "Chai unakunywa na maziwa?"

Alikunywa chai, akaenda zake na tangazo lake kwapani. Baada ya majuma matatu alirudi na sanduku la viatu lililojaa kaseti na diski, akaliweka juu ya dawati langu, akasema, "Mwambie yule mzee asizipoteze." Siku ya pili yake alianza masomo, kila Jumanne saa nane mchana.

Hayakuwa masomo matamu. Aliyezoea kupiga kitu kikampigia kelele hapo hapo, ghafla anaambiwa abonyeze kitufe, asubiri, asogeze kipande kwa upana wa unywele, asikilize, akirudishe. Kupitia ukutani nilimsikia akisema, "Hii si ngoma, Selwyn, huu ni ushonaji!" na Selwyn akijibu, "Basi shona." Lakini alikuwa anakuja. Na jioni moja, akipita mbele yangu kwenda kupanda basi, vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinagonga kitu kwenye paja. Nilimwambia Selwyn, akafurahi kama aliyeletewa habari za mtoto aliyezaliwa.

Furaha hiyo ndiyo iliyotuponza. Nasema "tuponza" kwa sababu nami nilikuwemo.

Ilikuwa Desemba, siku ya kuzaliwa ya Kerensa. Selwyn alikuwa amejifungia na lile sanduku la viatu juma zima, kila saa ya chakula cha mchana, akizikata rekodi za Kerensa na kuzipanga, akatengeneza kipande cha dakika tatu. Nilikisikia kupitia ukutani. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliacha kuandika nikasikiliza. Ngoma zile zilikimbia, zikajikwaa kwa makusudi, zikajidaka, na ndani yake ungeweza kumsikia msichana mmoja tu, si mwingine. Mimi nilileta keki. Tulikusanyika wanne, mlango ukiwa wazi, na alipoingia Selwyn akabonyeza kitufe.

Kerensa alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyethubutu kukata keki.

"Ulimuuliza nani?" akasema.

Selwyn akazima spika.

"Nakuuliza. Mimi madaktari walinikata, wakanishona, na kila mara waliniletea karatasi nitie sahihi. Wewe umenikata vipande vipande, halafu unanipigia mbele ya watu, na keki!"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Huo mkono uliokuwa unacheza nao wiki nzima ni wangu. Sina mwingine."

Akatoka. Sanduku aliliacha. Jumanne iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Sijapata kumwona Selwyn vile, si kabla wala baada. Alifundisha, alitengeneza nyaya, alisema habari za asubuhi, lakini ule ucheshi ulikuwa umezima. Hakupiga simu kwa sababu aliogopa kumkera. Siku zikageuka majuma. Januari, katikati ya mchana mkavu wa baridi, alikuja akaegemea dawati langu.

"Hester, nifanye nini?"

"Umeshamwomba radhi?"

"Nilimwandikia barua tatu. Zote zilikuwa zinaeleza kwa nini nilifanya."

"Hizo si radhi, Selwyn. Hizo ni utetezi."

Akaenda kuchukua koti lake, akaweka sanduku la viatu na diski ya kile kipande ndani ya mfuko wa plastiki, akapanda basi mpaka Knowle West, kwa kina Tripp.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Bibi Glenys Tripp, mama yake Kerensa, ambaye leo yuko hapa safu ya mbele. Alifungua mlango, akamkuta mwanamume mwenye kofia ya sufu amekumbatia mfuko.

"Wewe ndiye uliyemliza mwanangu siku yake ya kuzaliwa?"

"Ni mimi, mama."

"Umekuja kumrudisha kwenye mashine zako? Muache apone. Kila akisikia ngoma anarudi nyuma mwaka mzima."

"Sikuja kumrudisha. Nimekuja kurudisha vilivyo vyake."

Kerensa alikuwa ameketi kwenye ngazi, anasikia. Selwyn hakuvuka kizingiti. Alimnyooshea mfuko, akasema: "Rekodi zako zote zimo, na kile nilichokitengeneza kimo. Sina nakala nyingine. Sikukuuliza, na ilinipasa kukuuliza. Nisamehe." Akageuka aende zake. Alikuwa amefika kwenye geti.

"Tena ulikosea," Kerensa akasema.

"Wapi?"

"Pale katikati. Ulichukua lile pigo la ngoma kubwa ukaliweka mwanzo wa mstari. Lile si mwanzo. Nililipiga kama nukta, namaliza sentensi."

Selwyn akarudi kutoka getini. "Lile lenye toazi juu yake?"

"Hilohilo."

"Lakini ukiliweka mwisho, linalofuata linabaki bila mguu."

"Basi liache bila mguu! Watu watalisubiri, hawatalipata, watakuja wenyewe."

Bibi Glenys anasema walisimama mlangoni pake nusu saa, baridi yote ikiingia ndani, wakibishana juu ya kitu kisichodumu hata sekunde moja. Anasema hakuelewa neno hata moja. Anasema pia ilikuwa mara ya kwanza, tangu ajali, kumsikia binti yake akimkatiza mtu kauli. Mwishowe akawaambia, "Ama ingieni ama tokeni, mimi siipashi joto barabara."

Jumanne Kerensa alirudi. Kile kipande cha siku ya kuzaliwa alikifuta mwenyewe, Selwyn akiwa ameketi kando yake, kisha akaanza upya kutoka kaseti ya kwanza. Safari hii mambo yalibadilika, na Selwyn mwenyewe hupenda kusema hakuyabadilisha yeye. Miezi ya mwanzo Kerensa alikuwa akipanga vile ambavyo angepiga kama mkono ungekuwa mzima, na kila alipomaliza alisononeka, kwa sababu kilikuwa kivuli tu. Siku moja ya Machi nilimsikia akisema, "Nimechoka kutafuta nilichokuwa nakiweza. Nataka kile ambacho sikukiweza hata siku moja." Kuanzia hapo alipanga ngoma ambazo mtu mwenye mikono mitatu asingezipiga, akaziacha zipumue mahali ambapo mtu hupumua. Selwyn alianza kuandika anachofundishwa kwenye daftari lake.

Selwyn, naye, alirudi kwenye ufundi wake wa kiwandani. Kwa mbao, springi na vitufe vikubwa alimtengenezea ubao wa kupigia kwa mkono mmoja, na chini yake makanyagio mawili. Wa kwanza ulikuwa mzito kama jiwe la kaburi. Wa nne ndio uliofaa.

Jumamosi moja ya Juni 2012, saa tisa mchana, Kerensa alipanda jukwaani katika kanisa kuukuu lililogeuzwa ukumbi, mbele ya watu kama mia mbili. Mama yake alisimama karibu na mlango, tayari kuondoka. Dakika ya sita kompyuta iligoma. Ngoma zote zikakatika kama maji ya bomba, ukumbi ukanyamaza. Nilikuwa nimesimama karibu na Selwyn. Nilimwona akipiga hatua moja kuelekea jukwaani, kisha akairudisha, akaikunja mikono kifuani na kuibana kama aliyeogopa itamponyoka.

Kerensa aliitazama kompyuta, akawatazama watu. Kisha akaanza kupiga ubao kwa mkono wa kushoto na miguu miwili, polepole, kitu chepesi sana, kama mtu anayejiongelesha mwenyewe. Alikiongeza mwendo kidogo kidogo. Hakuna kilichokuwa kimepangwa hapo. Alipiga peke yake kwa dakika nne, na kompyuta ilipozinduka aliziingiza zile ngoma zake za kasi chini ya mkono wake bila kupoteza pigo. Ukumbi ulilipuka. Wengi wao wanaamini mpaka leo kwamba ilikuwa imepangwa. Nilipogeuka kumtafuta Bibi Glenys mlangoni, hakuwepo. Alikuwa amesogea mpaka mbele kabisa, amejishika mashavu.

Selwyn alinong'ona neno moja tu: "Ameketi muda mrefu."

Tangu siku hiyo Jumanne mchana ikawa zamu ya watu waliopungukiwa mkono, nguvu au vidole. Hospitali zinatutumia watu. Arobaini na watatu wamepitia hapo, na kila mmoja Selwyn amemtengenezea ubao wake kwa vipimo vyake mwenyewe. Mwaka 2016 Kerensa aliajiriwa kuwa mwalimu pamoja naye, na kuanzia Jumatatu ijayo Chumba cha Pili ni chake.

Sasa niseme la mwisho, ambalo Selwyn mwenyewe alitaka liandikwe ili watu wasibuni. Septemba iliyopita, kwenye kikao chetu cha Jumatatu, alisimama akasema hasikii tena matoazi. Sikio la kushoto limekwenda, la kulia linafuata. "Siwezi kumwambia mtu akate mahali ambapo mimi mwenyewe sisikii," akasema. "Itakuwa utapeli. Nitamaliza mwaka wa masomo wa watu wa Jumanne mpaka Machi, kisha basi."

Tuliinamisha vichwa. Kerensa hakushtuka. Kumbe alikuwa ameshajua kwa mwaka mzima. Kila somo alikuwa anaketi upande wa kushoto wa Selwyn, na matoazi yakiwa makali mno aliyapunguza kimyakimya, bila kusema. Na Selwyn alikuwa anajua kwamba anayapunguza. Mwaka mzima walifichana siri ambayo wote wawili walikuwa nayo.

"Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?" nilimuuliza Kerensa baadaye.

"Hakuniuliza," akasema. "Na mimi nilimfundisha kuuliza."

Wakati wa kuchangishana kwa ajili ya zawadi tulimuuliza Selwyn anataka nini. Saa hataki, kiti cha bustani hataki. Alizungukazunguka maneno kama kijana anayeposa, ndipo ikatoka: mtu huyu aliyezikata ngoma za wengine kwa miaka thelathini na moja hajapata kushika fimbo za ngoma na kupiga. Hata mara moja. Aliona haya. Sasa anataka kujifunza, kwa sababu ngoma kubwa huisikia kwa nyayo na kifua, masikio yawepo yasiwepo. Tukamnunulia fimbo. Mwalimu hakuhitaji kutafutwa mbali.

Somo la kwanza lilikuwa Jumanne iliyopita, ukumbini juu, baada ya wanafunzi kuondoka. Sisi wengine tulijifanya tunapanga viti. Selwyn alipiga, na kusema kweli ilikuwa vibaya: mguu ulikwenda wakati mkono umeshafika, na toazi likaanguka sakafuni. Alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta.

"Mikono yangu haina akili, Kerensa."

"Itapata. Kaa wima."

"Nina miaka sitini na sita."

"Sikukuuliza umri, mwalimu. Tena, kuanzia mwanzo."

Na akaanza tena.

Bwana Selwyn, ahsante kwa kila pigo ulilolirudisha nyuma kidogo mpaka likakaa mahali pake, na ahsante kwa siku ile uliyopanda basi kwenda Knowle West. Kwa niaba ya mameneja saba, wafanyakazi wote, na watu elfu mbili waliopita mbele ya dawati langu wakienda kwako, tunakuombea afya njema, miaka mingi, chai ya moto na majirani wenye subira. Jumanne saa kumi ukumbi ni wako, na mlango wa ngazi nitauacha wazi.

Hester Furze, Mapokezi